Boma Lilifyekwa Nikiwa Hai

Uvimbe niliugundua kwa sababu ya maua. Asubuhi moja ya mvua ndefu nilikuwa nimeinama juu ya ua la tarumbeta, kibanio mkononi, natoa vile vichwa vya unga kabla havijapasuka, na kola ya shati ikanibana upande wa kushoto tu. Nilifungua kifungo, bado ikabana. Nikapapasa shingo. Kulikuwa na kitu kigumu, kisichouma, ukubwa wa kokwa ya zambarau. Nikamaliza ua lile, nikamaliza na la pili, ndipo nikaingia ndani kunywa chai. Sikuwa shujaa wala sikuwa mwoga. Nilikuwa mtu mwenye kazi.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka kuambiwa jina la ugonjwa wake juzi, na sasa kila anayempigia simu anamwambia ajipe moyo. Mimi sitakuambia ujipe moyo. Niliambiwa sana, wala haukuja kwa kuitwa. Nitaeleza yalivyokuwa kwangu, nawe uchukue litakalokufaa.

Mimi ni wakala wa forodha pale Malaba. Kazi yangu ni kufuatilia makaratasi ya malori ili yavuke kwenda Uganda bila kulala foleni. Nyumbani ni nje kidogo ya mji wa Busia, kando ya njia ya Sigalame. Boma langu linapakana na la kaka yangu mkubwa, Egesa, na katikati yetu kuna uzio wa miti ya kayaba aliyoipanda marehemu baba.

Maua nilianza kwa bahati. Dereva mmoja niliyemsaidia alinirudia safari iliyofuata na kitu kama kitunguu kikubwa, kimefungwa kwa gazeti, akasema kinatoka Kabale. Nilikipanda nikidhani ni utani. Kilipotoa ua nilisimama pale hadi nikachelewa kazini. Lilikuwa jeupe, refu, limefunguka mdomo kama tarumbeta ya bendi ya kanisa, koo la njano, na mgongo wake una zambarau iliyokolea. Jioni harufu yake ilifika mpaka kwa Egesa. Kasoro yake ilikuwa moja: halikulipenda jua la Busia, wala halikumpenda aliyelileta. Saa sita ya mchana lilikuwa limelala kama mlevi. Baadaye nikapata aina nyingine kutoka Kericho, nyembamba, nyeupe tupu, isiyo na harufu ya maana, lakini ngumu kama mbuzi wa Turkana. Hapo ndipo wazimu uliponiingia. Nilitaka mtoto wa hawa wawili, mwenye mgongo wa zambarau wa mama na ngozi ngumu ya baba.

Kuzalisha maua si uchawi. Unafungua ua la mama kabla halijafunguka lenyewe, unatoa unga wake wote, na kesho yake, kile kinundu cha katikati kikianza kunata, unakipaka unga wa baba kwa njiti ya kiberiti. Kisha unakivika kofia ili nyuki wasikuharibie ndoa. Mimi nilitumia ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Madereva na utingo wao walishazoea, hawakuitupa, waliniletea. "Shika kofia zako, Mzee wa Maua," walisema, na kucheka, kwa sababu mwanamume mzima wa Busia anapaswa kufuga ng'ombe. Mke wangu, Mama Nekesa, hakucheka. Unga ule una rangi ya kutu na hautoki kwenye nguo, naye ndiye aliyekuwa anafua.

Mwaka ule nilioota uvimbe, nilikuwa na miche ya kwanza iliyonishikia kweli. Nilikuwa nimeipanda mbele ya nyumba, mahali ambapo jua la mchana huzuiwa na paa, nimeifunika maganda ya karanga mizizi isiungue. Ilikuwa itoe maua mvua fupi. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilikuwa nataka nini maishani wakati daktari ananipa habari, jibu ninalo: nilitaka kufika mvua fupi nione ile miche imezaa nini.

Habari yenyewe ilichelewa. Mahali pa kwanza waliniambia ni jino. Mahali pa pili nikapewa dawa za kifua kikuu kwa majaribio. Nilipofika hospitali ya Kisumu kokwa ya zambarau ilikuwa imepata ndugu kwapani, na usiku nilikuwa natoka jasho la kubadilisha shuka. Wakanikata kipande, kikapelekwa kupimwa, nikarudi baada ya wiki kadhaa kukaa kwenye benchi refu la mbao kungoja. Kungoja kwa hospitali ni kazi, na kuna namna ya kuifanya. Kila mtu ana bahasha kubwa ya picha mapajani. Kila mtu anatazama ni mlango gani mwenzake anaingia, anajua ugonjwa wake, halafu anatazama kando. Usiende bila kitu cha kufanya na mikono. Mimi nilibeba mbegu, nikawa napembua zilizo na kiini na zilizo tupu, juu ya ile bahasha.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko Nekesa wangu. Akasema ni saratani ya tezi, akaongeza kwamba ni ya aina inayosikia dawa. Maneno hayo niliyashika. Nimefanya kazi na maafisa wengi, najua tofauti ya anayesikia na asiyesikia.

Mama Nekesa alikuwa na uchunguzi wake mwenyewe.

"Ni hiyo unga," alisema tukiwa nje. "Miaka yote unainama hapo unavuta hiyo kitu kwa mapua."

"Nimemuuliza daktari. Amesema hapana."

"Daktari amewahi kufua shati yako?"

Tuliporudi nyumbani hakupita tena karibu na kitanda cha maua. Alizunguka nyuma ya nyumba kama kuna nyoka.

Dawa ya mshipani, ambayo kila mtu pale anaiita kemo, nilianza mahindi yakiwa yanavunwa. Unakaa kwenye kiti kikubwa cha kulalia, chupa inaning'inia, na dawa inaingia baridi hadi begani. Kiti cha jirani yangu kilikuwa cha Mzee Hamisi, muuza vipuri wa mjini Busia, ambaye alikuwa ametangulia safari kadhaa. Siku ya kwanza alinitazama nikitetemeka, akanitupia shuka lake.

"Karibu gereji, bosi," akasema. "Hapa unashushwa injini yote."

Alinifundisha kunyonya vipande vya barafu dawa nyekundu inapoingia, kinywa kisichubuke. Alinifundisha kutokula chakula ninachokipenda siku ya dawa, kwa sababu utakichukia maisha yako yote. Ushauri huo wa pili nakupa nawe, uushike. Mimi nilikula samaki wa Sio Port, kule ziwani, siku hiyo ya kwanza, na hadi leo samaki akipita barabarani navuka upande wa pili.

Nywele zilitoka. Hilo unaliona kwa wengine, halikushangazi. Kilichonishangaza ni nyusi. Bila nyusi jasho linaingia moja kwa moja machoni, na watu hawajui tena kama umekasirika. Kucha ziligeuka nyeusi. Ncha za vidole zikafa ganzi, nikawa sijui kama nimeshika njiti au nimeshika hewa. Mama mmoja Mganda, muuza ndizi pale Malaba, niliyenunua kwake miaka mingi, alinitazama akasema, "Ssebo, bwana wangu, umebaki mifupa," kisha akaniongezea ndizi. Nilimpenda kwa sababu hakusema nimependeza.

Lakini kilichonivunja ni pua. Kemo inageuza harufu. Jioni moja nilitoka kuangalia miche, na ua moja la zamani la Kabale lilikuwa wazi, na harufu ile niliyoichelewea kazi ikaniingia kama mzoga. Nilitapika palepale, juu ya maganda ya karanga. Nikajaribu tena siku nyingine na kitambaa puani, nikatapika kwenye kitambaa. Basi. Kitu pekee nilichokuwa nakipenda kwa upumbavu kikawa hakikaribiki. Niliona uchungu kuliko siku ya kupewa jina la ugonjwa, na sioni haya kusema hivyo.

Mama Nekesa aliona yote akiwa mlangoni. Asubuhi yake nilimwona dirishani, amevaa kanga mbaya kuliko zote alizonazo, amechuchumaa mbele ya nyumba anamwagilia. Baadaye akaja na kibanio.

"Nielekeze. Lakini mimi sikuolewa na hii unga, uelewe."

Nilimwelekeza kupitia dirisha, nimeziba pua. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Miche ilianza kutoa vikonyo vya maua, virefu kama vidole, vya kijani, vimeinama. Nilivitazama kila asubuhi kupitia kioo. Vilikuwa vimebakisha muda mfupi tu.

Ndipo baada ya dawa ya nne nikashikwa na homa. Damu ilikuwa imeisha askari, kama wanavyoeleza, na kidudu kidogo ambacho kingempa mwingine mafua kiliniangusha mimi. Nilipelekwa Kisumu nikiwa nimelala kiti cha nyuma, na sehemu kubwa ya wiki zilizofuata siikumbuki. Nakumbuka dari. Nakumbuka mkono wa Mama Nekesa ukinipaka mafuta miguuni. Nilipopata akili na kuuliza habari za Mzee Hamisi, mpwa wake aliyekuja kuchukua vitu vyake aliniambia kwamba amezikwa Ijumaa iliyopita. Niliomba nipewe lile shuka, akanipa.

Niliporuhusiwa kwenda nyumbani mvua fupi ilikuwa imeshakolea. Tulifika mchana, kwa gari la kukodi, na hata kabla halijasimama nilijua.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kayaba za baba zilikuwa zimekatwa upande mmoja, pengo la kupitisha magari. Nyasi zote zilikuwa zimefyekwa hadi kwenye udongo. Ardhi ya mbele ya nyumba ilikuwa imesawazishwa kwa jembe na kufagiwa, safi kama sakafu, kuanzia mlangoni hadi barabarani. Na kando ya jiko kulikuwa na kuni zilizopasuliwa, zimepangwa hadi kifuani mwangu. Mbele ya nyumba ndipo jeneza huwekwa. Mbele ya nyumba ndipo hema husimama. Mbele ya nyumba ndipo nilipokuwa nimepanda.

Egesa alitoka kwake anachechemea, maana ana nyonga mbovu. Alisimama mbali kidogo.

"Karibu nyumbani, ndugu yangu."

"Asante. Naona mmefagia."

"Tumefagia tu kidogo. Wageni wakikuja kukuona wapate mahali ya kukaa."

"Hawa wageni wanakuja na basi?" nikauliza, nikitazama lile pengo kwenye uzio.

Akatazama chini. Mtu mwenye miaka yake, babu wa watu, anatazama vidole vya miguu yake. Nikaingia ndani.

Nilimuuliza Mama Nekesa kama alijua.

"Nilijua. Egesa alinipigia simu akaniuliza, nikamwambia fyeka."

"Hata maua?"

"Baba Nekesa, daktari aliniita kando akasema tujiandae. Ulikuwa hunijui hata jina. Ulitaka nijiandae aje? Nimwambie Egesa apitishe sanduku juu ya maua?" Sauti yake ilipanda, kisha ikakatika. "Nilimwagilia hiyo kitu kila siku. Unafikiri mimi sikuumia?"

Niliumia mimi. Nisipoliandika hilo nitakuwa nadanganya. Si kwa sababu ya maua tu. Mtu unapopigania jambo na kurudi ukakuta watu wako wameshakuzika, wamekufagilia na njia, unajiona umewachelewesha. Kwa siku kadhaa nilikula peke yangu chumbani, na simu ya Nekesa kutoka Nairobi sikuipokea. Ndugu yangu msomaji, familia yako itafanya jambo kama hili. Huenda si kufyeka boma. Watagawana kitu, au watanong'ona na kunyamaza ukiingia. Jiandae nalo kama unavyojiandaa na kukatika nywele.

Kilichonigeuza ni zile kuni. Kutoka kitandani nilizitazama kutwa nzima, maana hakukuwa na kitu kingine cha kutazama, na siku moja nikatambua ni mti gani. Ulikuwa mkaratusi wa Egesa, ule aliokuwa anautunza kwa ajili ya paa la nyumba ya mwanawe. Alikuwa ameuangusha. Na hakuajiri mtu. Mikato yote ilikuwa inaelemea upande mmoja, ya mtu anayepasua amesimama kwa mguu mmoja mzuri. Nikamfikiria pale, na ile nyonga, anapasua kuni za kupikia wageni wa msiba wangu. Hakuna anayefanya hivyo kwa mtu asiyempenda.

Nikamwita Mama Nekesa nikamwambia nataka maji ya moto ya kuoga, na ayachemshe kwa kuni zile. Kumbe kwa muda wote huo hakuna aliyezigusa. Alikuwa akinunua makaa.

"Hiyo kuni ni ya matanga," akasema.

"Matanga ya nani?"

Akageukia jiko.

"Ni ya kwangu," nikasema. "Basi na kuni ni zangu. Washa."

Aliwasha. Moshi ulipopanda Egesa alikuja mbio, kadiri anavyoweza kukimbia, akakuta nimekaa kwenye kibao na beseni, bila nyusi, napaka sabuni. Alicheka hadi akashika ukuta. Nami nikacheka, na Mama Nekesa akacheka na kulia kwa pamoja, na shida yetu ikaishia hapo, au angalau ikapata mahali pa kukaa.

Kesho yake tulichimba. Ua la tarumbeta likifyekwa juu, kitunguu chake huweza kubaki hai chini, lakini hivi vilikuwa vichanga na vilikuwa vimepigwa jembe na kushindiliwa. Vidole vyangu havikuhisi kitu. Niliweza kushika kitunguu nikadhani ni jiwe. Kwa hiyo Mama Nekesa na Egesa walichimba, mimi nikakaa kwenye kiti na kutazama kila walichonionyesha. Vingi vilikuwa vimeoza. Vibao nilivyokuwa nimeandikia ndoa ya kila mche vilifagiwa na kuchomwa pamoja na takataka. Tuliokota vichache, vikawa havina jina la mama wala la baba, tukavirudisha palepale chini ya maganda mapya.

Dawa zilizobaki nilimaliza kiangazi. Picha ya mwisho ilikuja ikiwa safi. Daktari yule binti aliigeuza huku na huku kwenye taa, akasema, "Sioni kitu, mzee," nami nikamwomba arudie. Bado naenda kupimwa kila baada ya miezi michache, na kila nikikaa kwenye lile benchi moyo hunienda mbio upya. Hakuna aliyeniambia hivyo, nakuambia mimi: ugonjwa ukiisha, woga hauishi siku ileile. Unaufuga.

Mvua ndefu iliporudi, vitunguu vitatu vilichipua. Kimoja kilitoa ua. Halikuwa nililoliota. Mgongo wake haukuwa zambarau, ulikuwa na wekundu hafifu sana, kama maji yaliyosuuziwa kanga mpya nyekundu. Lakini lilifunguka asubuhi, na saa sita ya mchana nikaenda kulitazama likiwa limesimama wima, na saa tisa pia. Niliinama polepole, nikiogopa, nikavuta pumzi. Lilinukia. Sikutapika. Nilikaa chini kwenye maganda ya karanga nikafurahi kama mtoto, na sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Siku hiyohiyo nililipaka unga na kulivika kofia ya sigara. Mama Nekesa alikuja kuangalia kama nimevaa shati la kazi.

"Hizi watoto wake zitatoa maua lini?"

"Mwaka kesho mwishoni. Labda mwaka wa pili."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Ni lazima alipitia kwa Egesa, kwa sababu alasiri Egesa alikuja amebeba vigingi vya mkaratusi begani na nyundo mkononi. Hakusalimia. Akaanza kuvipigilia kuzunguka kitanda cha maua, kimoja baada ya kingine, akivivuta kuona kama vimeshika.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nazungushia. Hapa hapakanyagwi tena." Akapiga kigingi mara mbili. "Hata siku yako ikifika, hema litaenda upande ile ya mihogo."

"Mihogo ni yako," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaendelea kupigilia.